Tumbo la Mtihani

Na ifahamike kwa wagonjwa, kwa wazima, na kwa wanaojidhania wazima kwa kuwa hawajapimwa: chuo kimempandisha Daktari wa Ndani kuwa profesa kamili, kwa umahiri wake uliotukuka wa kufundisha kando ya kitanda cha mgonjwa.

Jina la Daktari wa Ndani alibandikwa na shemeji yake. Wenzake wa darasani kila mmoja alichagua kiungo akanenepa nacho: huyu moyo, yule figo, mwingine ngozi. Yeye akabaki na mwili mzima.

"Shemeji, unatibu ndani ya nini hasa?"

"Ya yeyote asiyejulikana anaumwa nini."

"Basi anza na kaka, mumeo. Toka utotoni hatujui."

Ila kufundisha alijua. Akikushikisha tumbo la mgonjwa, ini unalisikia mpaka uzeeni. Ndiyo maana wiki ya mtihani, wodi ikigeuka mnada na walimu wakigombea wagonjwa wenye dalili nzuri, yeye hakushindwa. Dalili nzuri, kwa lugha yao, ni ugonjwa mbaya.

Safari hii alimpata fundi saa mmoja mzee, tumbo limejaa maji mpaka linang'aa. Ukipigapiga upande huu, wimbi linabisha hodi upande wa pili. Kuyatoa ilikuwa kazi ya asubuhi moja, Jumatatu. Lakini mtihani ulikuwa Alhamisi, na tumbo lililonywea halimtahini mtu.

"Baba, utavumilia kidogo?"

"Mwanangu, tumbo hili halijawahi kuwa na kazi. Leo limepata ualimu, nilikatalie mimi nani?"

Wodi nzima ikacheka. Daktari naye akacheka, na palepale akaona mzee anavyovuta pumzi kwa mabega. Aliona vizuri kabisa. Akaenda kutunga maswali.

Alhamisi wanafunzi wakaingia mmoja mmoja, wakapiga, wakashika, wakafaulu. Wa mwisho alitoka anakuna kichwa.

"Daktari, mgonjwa ananiambia saa yangu iko tayari, niifuate dukani. Mimi sina saa."

Alimkuta mzee paji linachoma, macho yanamtafuta mteja. Akamchoma sindano tumboni yeye mwenyewe, akavutia maji kwenye chupa. Maji yaliyopaswa kutoka maangavu yakatoka na ukungu, kama ya kuoshea mchele. Yameingiwa na vijidudu. Akaagiza dawa ya mshipa, upesi.

"Si mlisema mnayatoa Jumatatu?" binti wa mzee aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia.

Daktari akaiziba ile chupa.

Hapo ndipo mkuu wa kitivo alipotokea mlangoni na watahini nyuma yake, koo ameshalisafisha, akalisoma lile tangazo lote, pamoja na "uliotukuka". Wanafunzi wakapiga makofi. Mzee kitandani akapiga pia, akidhani wateja wamejaa.

"Neno moja, Mama Profesa?"

Chupa ya maji yale ilikuwa bado mkononi mwake.

"Nimechelewa kumtoa maji," akasema.