Tulikuwa tunawapashia wakwe pilau ya Krismasi, barafu za ubuyu zikatusuta

Wakuu, hivi ukifungua friji asubuhi ukakuta pilau ya jana ni ya baridi kabisa, unajuaje kama na usiku ilikuwa ya baridi?

Usinijibu kwanza. Kaa hapo nikupe stori.

Kamwene wote humu jukwaani. Mimi ni bibi wa Kihehe, mzaliwa wa Ipogolo, Iringa, nikaolewa huku Uyole, Mbeya, na nimezeekea hukuhuku. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya iruke tu, songa mbele. Ila ninachosema hapa kimetokea, na mimi nilikuwepo nimefunga kanga kiunoni.

Nina mjukuu wangu anaitwa Atupele. Kaolewa mwaka huu Rujewa na kijana anaitwa Baraka. Kijana mzuri, mimi namuita mume wetu, na Atupele ni mke mwenzangu. Hatujagombana bado.

Krismasi hii ilikuwa ya kwanza Atupele kuwa na nyumba yake. Akanipigia, "Bibi njoo, siku ya pili ya sikukuu wakwe zangu wote wanakuja kula kwangu, naogopa."

Nikamwambia unaogopa nini, wanakuja na meno tu.

Lakini na mimi roho ilinicheza, si uongo. Mke mpya mnajua anavyoangaliwa. Chumvi ikizidi wanaikumbuka mpaka mtoto wa tatu.

Nikafunga safari. Nilibeba viazi vya kwetu nusu gunia, maparachichi, na jogoo mmoja mzima mwekundu, zawadi ya mume wetu afuge apate mbegu. Huyo jogoo mshikeni kichwani, atarudi.

Sasa Rujewa, wakuu. Nyie wa huko mnisamehe, lakini lile joto! Mimi Uyole Desemba natembea na sweta. Kwetu ukiacha sufuria ya maharage jikoni usiku, asubuhi imeganda kama imelala mtoni. Rujewa ukiacha mkate mezani unatoka jasho.

Mama mkwe wa Atupele, Mama Baraka, ni mfanyabiashara wa mchele, mama mwenye sauti. Yeye ndiye alitoa mbuzi. Mkesha wa Krismasi akachinja, nusu akabaki nayo kwake, nusu akampa Atupele na maneno juu: "Mwanangu, mbuzi wangu huyu nitakuja kumla kwako siku ya pili. Nitaona mkono wako."

Umesikia hilo? Sio zawadi hiyo, ni mtihani.

Krismasi yenyewe asubuhi tukapika pilau sufuria kubwa sana, nyama tele. Tukala, ikabaki zaidi ya nusu. Hesabu ya Atupele ilikuwa hiyohiyo: kinachobaki kinaingia friji, kesho tunapasha, wakwe wanakula.

Friji yao ni ndogo, juu kuna sehemu ya kugandisha. Atupele huuza barafu za ubuyu kwa watoto wa mtaani, zile za kwenye nailoni ndefu. Mimi mwenyewe kwa mkono wangu nilizipanga upya ili sufuria ndogo ya nyama ipate nafasi. Zilikuwa ngumu, nikazipanga moja juu ya nyingine kama kuni. Hata nilimtania, "Mke mwenzangu, hapa tungekuwa na mafiga tungepikia."

Mchana ule sote watatu tukafunga mlango, tukaenda Chimala kumsalimia dada yangu. Mvua ikatukamata, tukalala hukohuko.

Asubuhi tumerudi. Atupele kaenda moja kwa moja kwenye friji. Inanguruma vizuri, taa inawaka. Kagusa sufuria ya pilau, baridi. Kanusa. Kaniletea na mimi ninuse. Haina harufu.

Akashangilia, "Bibi, iko safi! Nawasha mkaa."

Mimi nikasema ngoja nipate barafu moja kwanza, joto limenishika koo.

Nikafungua juu.

Jamani.

Kuni zangu hazipo! Zile barafu zilikuwa zimelala bapa, zimeshikana kama chapati zilizosahaulika. Chini yake maji mekundu ya ubuyu yamemwagika na kuganda, kama mtu kamwaga rangi.

Nikasimama hapo na mlango wazi mpaka Atupele akaniita, "Bibi, baridi inatoka!"

Nikamwambia njoo uone. Barafu ngumu inamwagikaje? Barafu ngumu inalalaje bapa? Hizi ziliyeyuka zikawa maji, halafu zikaganda upya. Sisi tuko Chimala, umeme ulikatika hapa. Na umekatika muda mrefu, na joto hili. Sasa kama barafu iligeuka juisi, pilau ya huku chini ilikuwa inafanya nini?

Atupele akakaa kwenye kiti. Machozi yale.

"Bibi, tuichemshe sana. Tuweke tangawizi."

Nikamwambia mjukuu wangu, tangawizi inadanganya pua, haidanganyi tumbo. Kwenye kikundi chetu cha akina mama alikuja nesi, akatuambia chakula kikilala kwenye joto kinatengeneza sumu, na sumu nyingine hata uchemshe vipi haiondoki. Hiyo pilau hainuki kwa sababu ina baridi. Baridi imeifunga mdomo.

Akasema, "Bibi, ni mbuzi wa Mama! Nikimwaga atasema nimemdharau."

"Na ukimlisha akaharisha atasema nini?"

Akafuta machozi, akaitoa sufuria.

Hapo wakuu niwaambie, hata mimi iliniuma. Mimi ni mtu wa kukomba sufuria na kidole. Lakini tulichimba shimo nyuma ya nyumba, mume wetu akafukia pilau yote na nyama yote ili hata mbwa wasipate. Barafu nazo tukafukia. Nikabakiza mbili na lile pande la maji mekundu, nikaziweka kwenye sahani, nikazirudisha friji. Ushahidi.

Halafu nikamwangalia yule jogoo.

Baraka akasema, "Bibi, si ni wa mbegu huyu?"

Nikamwambia mume wetu, jogoo hana haja ya umeme. Alete kisu.

Tukapika kama tumepagawa. Jogoo wa kuunga na nyanya, viazi vyangu vya Uyole, wali mweupe, parachichi pembeni. Atupele anakata kitunguu huku analia, sijui ni kitunguu au ni mbuzi.

Wakwe wakafika. Mama Baraka kaingia, kafunua sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

Atupele kainamisha kichwa.

Nikasema, "Mama Baraka, mbuzi wako tumemzika kwa heshima. Kabla hujakasirika, njoo uone aliyemuua."

Nikatoa sahani yangu. Nikamuonyesha. Nikamwambia zilivyokuwa jana kama kuni na leo zilivyo.

Kazishika, kazigeuza. Katazama, katazama. Akasema taratibu, "Ni kweli. Hata kwangu umeme ulikatika jana mchana, tumekaa giza mpaka usiku wa manane. Lakini uliporudi nyama ikapoa tena, nikajua imepona."

Nikamwambia, "Mama, friji sio hospitali. Kinachoingia mgonjwa hakitoki mzima."

Macho yakamtoka. "Mungu wangu, nyama yangu! Nimeacha watu nyumbani wanapasha!"

Kavuta simu, kapiga, kaweka sauti kubwa. "Haloo! Msile hiyo nyama! Nasema msile! Mwageni!"

Sauti ya binti kutoka upande wa pili: "Mama, sisi bado, tulikuwa tunasubiri wali. Ila Baba Mdogo alikula asubuhi, alisema anaonja."

"Yuko wapi?"

"Yuko chooni. Ni mara ya... Mama, anatoka. Hapana, karudi."

Wakuu, ile nyumba ilivyocheka! Mama Baraka alicheka mpaka kanga ikaanguka. Ila tukamtuma Baraka na pikipiki akamchukue Baba Mdogo ampeleke zahanati. Walimpa maji ya chumvi na sukari, jioni akapata nguvu. Akatuma salamu, eti huyo mbuzi alikuwa na kisirani tangu akiwa hai.

Lakini watoto wa nyumba ile hawakula. Hata mmoja. Hilo ndilo nalala nalicheka peke yangu kwa furaha.

Mama Baraka alikula jogoo sahani mbili, akafuta mdomo, akamwita Atupele mbele ya wakwe wote. "Mwanangu, ungeogopa mdomo wangu leo ungetuua. Nimekuona mkono, na kichwa nimekiona." Halafu kanigeukia, "Na ninyi Wahehe, hasira zenu mpaka kwa pilau!"

Nikamwambia asante, na mbuzi mwingine tunamsubiri.

Nilichokipata mimi ni hiki: usiulize friji kama iko baridi sasa. Uliza usiku ilikuwaje. Kama huna wa kumuuliza, acha. Chakula kinapikwa kingine, mtu hapikwi mwingine.

Na nyie wakuu, kiporo cha sikukuu mnakipimaje? Wa sehemu za joto hasa, njooni na mimi nijifunze, na wa Rujewa msinitukane kwa lile joto.

Siku naondoka, Atupele kanisindikiza stendi. Kanishika mkono, akasema, "Bibi, nakuahidi. Kuanzia leo nitaweka barafu moja ndani ya glasi, imesimama wima kama kuni yako, na siiuzi. Hiyo ndiyo itakuwa wewe mle ndani ya friji. Siku nikiikuta imelala, namwaga kila kitu, hata awe mbuzi wa nani."