Mikunjo ya Taher

Kwa miaka kumi na tisa Nejiba alizeesha suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha mji wa Ksar Hellal. Alivalisha suruali mpya kwenye miguu ya mpira iliyojazwa upepo, akashika msasa, akachora mapajani ile mistari myeupe ambayo mvaaji angeipata kwa kukaa na kuinuka miaka mitatu. Kila suruali ilipaswa kufanana na kielelezo kilichobandikwa ukutani.

Tangu afiwe na mumewe Taher, dereva wa lori, mkono wake ulianza kwenda unakotaka. Paja la kushoto lilipata mistari minne mirefu, la kulia miwili iliyopinda, kwa kuwa Taher alizoea kuketi mguu wa kulia umenyooka, kana kwamba bado yuko kwenye kanyagio la lori. Suruali arobaini zilitoka hivyo kabla Nejiba hajajitambua.

Alingoja kukaripiwa. Msimamizi Lotfi akaja anacheka: mnunuzi amezipenda, anataka elfu sita. Mashine mpya ya leza ingezichora, ila msasa huiga juujuu tu; ilihitajika suruali halisi iliyochakaa vile, ipigwe picha. Nejiba akiileta, atapewa meza ya sampuli, achore vielelezo. Asipoileta, leza itachora kielelezo cha zamani, naye ataenda kukata nyuzi za mishono pamoja na wasichana.

"Mikunjo hii hukuitunga, Bi Nejiba," Lotfi alisema. "Kuna mtu aliikalia."

Suruali ya Taher ilikuwepo kabatini, haijafuliwa. Siku ya arobaini nguo za marehemu zilitolewa sadaka kama ilivyo desturi, na mbele ya mawifi zake Nejiba aliapa kwamba hakubakiza hata soksi. Lakini si kiapo kilichomzuia. Aliwaona watu elfu sita, katika miji asiyoijua, wakitembea na mkao wa Taher.

"Nguo za marehemu nilizitoa sadaka," alisema.

"Zote?"

"Zote."

"Basi ni hasara yako, mama. Mkasi unao?"

Jumatatu aliketi kati ya wasichana waliozungumzia harusi. Suruali za leza zilimfikia zikiwa bado na joto, mistari imelingana kushoto na kulia. Msichana wa pembeni akamuuliza mbona anapitisha kidole gumba pajani kabla ya kuikunja kila moja.

"Natafuta uzi," Nejiba akajibu.