Shangazi Aliyetuogopea

Nilipoona namba ya Shangazi imewaka kwenye simu asubuhi ya Jumanne, nilijua ni onyo. Tangu tuanze lile kundi letu la simu, la familia za mtaa wetu wa Kanombe, hapa Kigali, zinazopanga matembezi ya watoto, ujumbe wa mama huyu haukuwa kitu kingine. Mvua kubwa inakuja, tuahirishe. Barabara ya Kayonza ina malori mengi, dereva aambiwe apunguze mwendo. Nani amewapa watoto maembe bila kuyaosha? Kwa hiyo niliiacha simu mezani nikamaliza chai yangu kwanza. Nilipoifungua nikakuta maneno ya mwanawe, ameandika kwa simu ya mama yake: "Ndugu zetu, mama ametutoka alfajiri hii. Presha imemzidi." Jamani, simu iliniponyoka ikaanguka kwenye sufuria ya chai.

Niwaambie ukweli wasomaji wangu, kabla ya huzuni ilinijia hofu. Mama huyu hakuwa ndugu yangu. Tulikuwa tunasalimiana barabarani, tunaonana kwenye harusi za mtaani, na zaidi ya hapo ni yale matembezi tu. Lakini mwezi ujao watoto wetu wanakwenda tena mashariki, kule jirani na mbuga ya Akagera, na mabasi yameshakodiwa. Nikakaa pale jikoni na simu inayodondoka chai, nikajiuliza: sasa nani atatuogopea?

Maana kazi yake ilikuwa kuogopa. Watoto wote wa mtaa walimwita Shangazi, na sisi wazazi wao tukafuata. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi nchini akiwa tayari mama wa watoto, akafanya kazi ofisini Kacyiru mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha huko alikolelewa, wakati sisi wengine tunaanza sentensi kwa Kiswahili tunaimalizia kwa Kinyarwanda. Na alikuwa mwoga, lo! Alikuwa akishuka mlima wa Kacyiru kwa miguu, na jua lake, kuliko kupanda pikipiki. Aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa mitungi ya gesi, na akiona mtoto ana peremende mdomoni huku anakimbia, alikuwa anafumba macho. Wanaume tulimcheka sana. Siku moja mmoja wetu akamuuliza, "Shangazi, wewe na uoga huu, kwa nini kila mara ni wewe unayetupeleka porini?" Akamtazama bila kucheka. "Kwa sababu mtakwenda tu hata nisipowapeleka," akasema. "Afadhali mwende na mtu anayeogopa."

Ni kweli, matembezi yale aliyaanzisha yeye. Alisema watoto wa Kanombe wanakua kati ya ukuta na geti, wanamjua twiga kwa kidole kwenye kioo cha simu, na ndege wanaowafahamu ni wale wa uwanja wa ndege tu. Akawa anachagua Jumamosi isiyo ya umuganda, ile kazi ya jamii ya mwisho wa mwezi, tunakodi mabasi mawili madogo, wazazi wanabeba viazi na mishikaki, na kabla jua halijawa kali tumeshapita Rwamagana. Si mara zote tuliingia mbugani kwenyewe. Mara nyingi tulifikia kwa mzee mmoja mfugaji mwenye shamba kando ya ziwa dogo, nje ya uzio wa mbuga. Ametengeneza bembea, ameweka meza chini ya mikaratusi, na watoto wa mjini wanaruhusiwa kukamua ng'ombe wake na kutikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi itoke. Ungewaona! Mtoto aliyekataa maziwa ya paketi nyumbani anagombania kibuyu kama mali ya urithi.

Kwenye basi, kabla ya kushuka, Shangazi alikuwa na desturi yake iliyotuudhi wazazi. Alisimama karibu na dereva, akawageukia watoto, akapaza sauti: "Nani yuko?" Nao walitakiwa wapige kelele, kila mmoja kwa nguvu zake zote: "Niko hapa!" Alirudia mpaka masikio yaume. Mwenzangu atakayesoma haya akiwa mbali na Kigali huenda asione tatizo liko wapi. Huku kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hapigi kelele mbele ya wakubwa. Akiitwa haitikii kwa mbali kama mtu anayeuza nyanya. Anakuja mbio, anasimama karibu nawe, ndipo anaitika kwa sauti ya chini, "karame". Binti yangu alifundwa hivyo na mama yangu mzazi, akafundika, na sote tulijivunia. Kwenye basi alikuwa akichezesha midomo tu, sauti haitoki. Shangazi alimwona, akatikisa kichwa, akaja kuninong'oneza, "Huyu wako ananiogopesha kuliko wote." Nilitabasamu. Nilidhani ananisifia mtoto.

Siku ninayotaka kuwasimulia binti huyo alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumekula, tumecheza mpira, akina mama wanakusanya vyombo. Wingu zito lilikuwa limefunika ziwa na mchana ukawa kama jioni. Dereva akapiga honi ya kwanza. Watoto wakaanza kupanda, na mimi nikadhani binti yangu yuko basi la pili na mama yake, naye mama yake akadhani yuko la kwanza na mimi. Shangazi ndiye aliyeshuka akiwa hana rangi usoni. "Yule mdogo asiyepiga kelele yuko wapi?" Dereva akachungulia chini ya viti. "Hapa hakuna, mama. Mtoto hakuna."

Mbele yetu kulikuwa na majani marefu, nyuma ya majani mafunjo, nyuma ya mafunjo maji. Na kila mtu anajua maji yale yana nini. Nikaanza kuita. Niliita kwa ile sauti ya baba, ya kuamrisha, sauti ya mtu ambaye kila kitu kiko mikononi mwake. Baba wengine nao wakaita vivyo hivyo, kifua mbele, kila mmoja na upande wake. Hakuna jibu. Mzee mwenye shamba akaja haraka na fimbo yake, akasikiliza, akainua kiganja. "Muache kwenda kule," akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Kukiwa na mawingu kama haya, kiboko iko natoka mapema kula majani. Iko pale. Mimi nimeona mgongo." Mke wangu akakaa chini kwenye nyasi, mkono mdomoni.

Hapo ndipo Shangazi alipotukemea. "Nyamazeni nyote! Mnaita, mnaita, nani anasikiliza?" Tukanyamaza. Akasogea mbele yetu, mwanamke mnene, mtu mzima, aliyestaafu ofisi ya serikali, kilemba kimemlegea, na mbele za watu wote akaanza kulia kwa sauti. Hakuita jina la mtoto. Alilia akisema, "Mimi Shangazi naogopa! Mwanangu, naogopa sana! Niko peke yangu hapa, naogopa!" Mmoja wa wanaume aligeuza uso kwa aibu. Mimi nilitaka kumziba mdomo, maana alikuwa anasema kwa sauti kile nilichokuwa nimekibana kifuani nisije nikaanguka.

Na kutoka ndani ya yale majani, upande ambao hakuna aliyeuangalia, ikaja sauti nyembamba, ya juu, ambayo sikuwahi kuisikia ikipandishwa hivyo nyumbani kwangu: "Shangazi, usiogope! Niko hapa!"

Alikuwa juu ya kichuguu. Alimfuata ndama, ndama akakimbilia kwa mama yake, na alipogeuka kurudi akamkuta yule mnyama kwenye njia, anakula majani taratibu, hana habari na mtu. Mtoto akapanda kichuguu, akakaa, akakunja magoti. Mzee akatuvuta sote kwa nguvu upande wa juu. "Msifunge njia yake ya maji. Mukisimama kule chini, iko nakasirika. Mukae hapa, mungoje." Basi tukangoja. Jamani, kungoja kule! Kiboko alikula kama mtu aliyealikwa. Shangazi hakuacha kusema na mtoto hata kidogo, sauti inamtetemeka, akimuuliza, "Bado uko?" Na mtoto anajibu, "Niko hapa." "Mimi bado naogopa." "Usiogope, Shangazi. Mimi naye tunaangaliana tu." Mpaka tukaona ule mgongo unageuka, majani yanalala, maji yanapasuka. Mzee akaingia na fimbo yake, akatoka amembeba binti yangu begani. Nilimpokea, nikampa mama yake.

Tulipokuwa barabarani kurudi, mtoto akiwa amelala mapajani mwa mama yake nusu macho, nikamuuliza kwa upole kwa nini hakuitika nilipomwita. Alishangaa swali lenyewe. "Nilisikia, Baba. Nilikuwa nangoja nifike karibu ndiyo niseme karame." Nikamuuliza tena. Na Shangazi je, mbona ulimjibu kwa kelele? "Yeye alikuwa anaogopa," akasema. "Ninyi hamkuwa mnaogopa." Akalala.

Maneno yale sijayamaliza mpaka leo. Tulikuwa wanaume watu wazima kadhaa pale, kila mmoja ameloa jasho la hofu, na mtoto wa miaka sita akatusikiliza akaona hatuna shida yoyote. Tuliificha vizuri mno. Na ndivyo tunavyoishi, si kwenye majani tu. Mji wetu ni msafi, umetulia, tunasifiwa kwa adabu yetu, nami naupenda utulivu huu kwa moyo wote. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi Kiyovu na kwingineko, mahali ambapo watu wote mezani wanaona kwamba jambo linakwenda kuharibika, na kila mmoja anakoroga chai yake. Nimeona baba anaambiwa na daktari habari mbaya, anarudi nyumbani anauliza kama kuna chakula. Tunaita hilo ujasiri. Kumbe wanaotutegemea wanatusikia, wanaona tumetulia, nao wanakaa kimya juu ya vichuguu vyao wakingoja tusogee karibu.

Tulimzika Alhamisi. Watu walikuwa wengi na walikuwa kimya, kimya kile chetu cha heshima, hata wajukuu zake walilia bila sauti. Binti yangu, ambaye sasa amenipita kwa urefu, alisimama nyuma na wenzake wa lile basi, wengine wametoka vyuoni. Tuliporudi nyumbani kwa marehemu tukanawa mikono, tukakaa kwenye viti vya kukodi, tukapewa soda. Mtu akakumbusha ile safari ya mwezi ujao. Watoto wadogo wameshaahidiwa, yule mzee mfugaji ameshaambiwa. Nani atawaongoza? Kila mtu akaangalia chupa yake. Kisha, mmoja baada ya mwingine, macho yakanigeukia mimi. Walitaka niseme lile neno letu, kwamba hakuna shida, msiwe na wasiwasi.

Niliyaona yale majani, nikauona ule mgongo, nikawaona watoto wa majirani zangu wakitawanyika kando ya maji bila yule mama wa kuwafuatilia kwa macho. Nikasimama. Nikajaribu kusema hakuna shida, na neno likakataa kutoka. "Ndugu zangu," nikasema, na sauti ikanisaliti mbele za watu, "nitakwenda. Lakini naogopa. Naogopa sana."

Hakuna aliyecheka. Na kutoka viti vya nyuma kabisa, katika nyumba ya msiba ambamo mtoto wa adabu hapaswi kupaza sauti, binti yangu akasimama akapaza sauti mpaka wapishi wakachungulia kutoka uani.

"Niko hapa, Baba!"