Hoteli Tulivu ya Madame

Msinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa karani wa ajensi ya safari pale mtaa wa Asiatique, Bujumbura, na theluji nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Akaja Madame mmoja, mwalimu, mama wa watoto watatu. Anataka kwenda Ulaya kuteleza kwenye theluji wakati wa Noeli, shule zote zimefungwa, na bado anataka mahali pasipo na watu! Ni kama kwenda sokoni mkesha wa sikukuu na kutaka soko tupu.

Niliandika barua mpaka vidole vikauma. Hoteli mbili tu zilikuwa na nafasi: moja juu kabisa mlimani, nyingine chini bondeni, vyumba vyote wazi. Sisi wa Bujumbura tukipanda milimani Bugarama tu tunavaa makoti mawili. Nikawahurumia wale watoto, mjinga mimi, nikachukua ya bondeni.

Januari Madame alirudi, akaweka picha mezani mbele ya patron, bosi wangu, na wateja. Watoto wamefungwa mbao zao za kutelezea miguuni, wamesimama kwenye majani na matope. Nyuma yao, ng'ombe.

"Utulivu nimepata," alisema. "Mutu apana. Theluji apana. Yote ilikuwa kule juu."

Patron akanigeukia. "We, ile hoteli ya juu si ilikuwa na nafasi? Kwa nini uliiacha?"

Nikajibu kabla sijafikiri:

"Patron, juu kuna baridi."