Habari ya Usingizi

Mume wa Mama Pasi alipomwacha hakwenda mbali. Alihamia nyumba ya nyuma, akaishi na mdogo wa kike wa Mama Pasi, yule yule aliyemlea mgongoni mwake. Ndugu wakaja kusuluhisha, wakala chakula alichopika Mama Pasi mwenyewe, wakamwambia asamehe. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi.

Kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, peke yake, chumba cha nyuma. Wafagiaji ndio waliompa jina hilo. La kwake hakuna anayeliuliza. Nyumbani huiacha redio ikisema, akirudi akute walau sauti ya mtu.

Alipoanza kulia mpaka mashuka yakaingia madoa, msimamizi alimpeleka kliniki ya wagonjwa wa akili. Kule muuguzi, binti wa umri wa kumzaa, humuuliza maswali yale yale kila Alhamisi, na majibu huyaingiza kwenye kompyuta ili ijulikane kama tiba inasaidia.

"Habari ya usingizi, mama?"

"Nzuri."

"Na ya moyo?"

"Salama tu, mwanangu."

Angesemaje? Mtu aliyefunzwa adabu akiulizwa habari husema nzuri, hata kama ametoka kuzika.

Alhamisi moja muuguzi akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mstari wa majibu yake ulikuwa umepanda mpaka juu.

"Hongera, mama! Umepona. Leo tunaagana."

Mama Pasi hakuinuka kitini. Katika mji mzima, ni huyu tu anayemwambia keti.

"Nani kasema nimepona?"

"Si wewe mwenyewe? Kila ukija, nzuri, nzuri."

"Makubwa! Umenisalimu, nimekuitikia. Ulitaka nikutukane?"

Muuguzi akaangua kicheko, kisha kikamkauka mdomoni.

"Kumbe muda wote tunasalimiana?"

"Na wewe nawe! Nani anajibu habari kwa machozi?"

Muuguzi akasogeza kiti karibu. Safari hii neno habari hakulitia mdomoni.

"Jana ulilala?"

"Wapi! Nasikiliza uani kwao. Wakicheka, nasema wananicheka mimi. Wakinyamaza ndiyo mbaya zaidi."

"Kuna siku umetamani usiamke?"

Mama Pasi akatazama vidole vyake vilivyobabuka kwa pasi.

"Zipo."

Muuguzi akabonyeza, akabonyeza tena. Mstari ukaporomoka.

"Basi tumekuwa tukimtibu mtu mwingine," akasema taratibu. "Hatuagani, mama. Daktari atakuona sasa hivi, tubadilishe tiba. Na utakuwa unakuja mara mbili kwa wiki."

Mama Pasi akashusha pumzi.

"Ila nahitaji mtu wako wa karibu. Wa kukaa nawe usiku huu, wa kumpigia simu. Nimwandike nani?"

Mama Pasi akafikiri. Akafikiri mpaka muuguzi akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Jiandike wewe, mwanangu," akasema.