Kichwa na Mkia wa Msafara

Katika ofisi ile ya utalii walimwita Kichwa, wala si kwa dhihaka. Kwa miaka kumi na saba alitembea mbele ya wageni arobaini, kibendera mkononi, akiwapitisha mitaa ya zamani kuanzia mnara wa saa hadi posta iliyofungwa. Nyuma kabisa alitembea shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye walimwita Mkia. Kazi ya Mkia ilikuwa kuhakikisha hapotei mtu: kila kituo anahesabu vichwa, vikitimia msafara unasonga. Siku moja alipata arobaini na mmoja, wakagundua wamemzoa fundi viatu aliyekuwa amesimama zake mlangoni pake.

Sasa koo la Kichwa lilikuwa limechoka. Daktari hakumficha: akiendelea kupaza sauti vile, ataipoteza. Ndipo meneja, mwanamke wa umri wa kuwa binti yake, akamwita.

"Mama, chagua mwenyewe. Ubaki na makundi makubwa, au uchukue madogo, watu sita sita, unaongea nao kama mko sebuleni. Nijibu Ijumaa."

"Na Mkia?"

Meneja akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Watu sita hawahitaji mtu wa nyuma, mama."

Basi hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kichwa ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi hii, mwaka ule walipofiwa, Mkia alipokuwa amejifungia ndani hasemi na mtu. Mpaka leo maneno yake nyumbani yalikuwa ya kuhesabika. Kumwachisha kazi kungekuwa kumtoa mtu shimoni kisha ukamsukuma tena humo humo. Moyoni alishaamua: makubwa, na koo potelea mbali.

Meneja akamwomba angalau aonje kundi dogo mara moja kabla ya kukataa. Jumatano wakatarajiwa sita, wakaja watano. Mkia hakuwa na zamu, akajaza nafasi.

Pale kwenye mnara Kichwa akaleta kisa chake cha yule fundi wa saa, kila akichelewa kazini anairudisha saa nyuma nusu saa, mpaka mji mzima ukawa unachelewa naye. Wageni wakacheka. Mkia alicheka mpaka akashika ukuta.

Ziara ilipokwisha, wakaketi wawili kwenye ngazi za posta.

"Shemeji, kisa kile nimekisimulia mpaka kimechakaa. Leo kimekuchekesha nini?"

"Leo ndiyo nimekisikia."

"Acha utani."

"Watu arobaini, na pikipiki zinapita. Nyuma sauti haifiki, shemeji."

Kichwa akapiga hesabu. Kama sauti haikumfikia Mkia, haikuwafikia hata wale waliotembea naye. Ilimuuma. Mtu mzima na akili zake, miaka yote hiyo anakausha koo kwa watu ishirini, na ishirini wengine anawapungia kibendera tu.

"Sasa wa nyuma walikuwa wanafanya nini?"

Mkia akakuna kisogo. "Nawasimulia mimi. Wananiuliza, ningefanyaje? Majengo siyajui sana. Tukifika hapa nawaambia habari za kaka. Vile alivyokuwa anakuja kila siku kununua stempu moja, na hana wa kumwandikia, kwa sababu ya binti aliyekuwa pale dirishani."

Binti wa dirishani alikuwa ndiye huyu aliyekaa naye kwenye ngazi. Miaka kumi na saba hawajawahi kumtaja marehemu wakiwa wawili bila mmoja kuinuka na kwenda kutafuta maji ya kunywa, kumbe huyu bwana anamsimulia kwa wapita njia. Kichwa akalia, hakugeuka pembeni.

Ijumaa akajibu: madogo, tena yawe mawili, la pili aongoze Mkia.

"Mkia anajua kuongea?" meneja akauliza.

"Hata mimi ndiyo nimejua juzi."

Jumatatu Mkia akawatoa watu wake sita, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, mikono haijui pa kukaa. Kichwa, ambaye zamu yake ilikuwa alasiri, akawafuata kwa mbali kidogo. Walipofika posta akasimama mwisho wa wote. Mkia akaonyesha dirisha lililopigiliwa mbao, akakohoa, akaangalia nyuma.

"Huko nyuma mnanisikia?"

"Tunakusikia, shemeji," akasema Kichwa. "Tuambie habari zake."