Tone Mezani kwa Fundi Simu

Fundi simu, jirani yangu hapa karibu na bandari ya Rumonge, hupangusa kila kitu kwa pindo la shati lake: bisibisi, betri, hata miwani. Juzi alitoa lenzi ndogo kama punje ya mchele kwenye redio ya CD iliyokufa, akaigandisha juu ya kamera ya simu yake, na chini akaweka kipande cha kioo chenye tone la maji ya ziwa. Tone likajaa skrini nzima, na ndani yake vijidudu vyenye miguu kama nyuzi vikaelea, vikaruka, vikatulia. Akamwita Mama Agneta, anayeanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ng'ambo ya barabara.

“Yoo! Huyu iko na mayai mukiani!”

“Hao ndiyo chakula ya ndagala, mama,” fundi akanong'ona.

Mama aliporudi kwenye samaki wake, fundi alishika pindo la shati apanguse kioo. Mkono ukasita. Yeye asiyetoka hata kwenda kula kabla hajafungia simu za watu kabatini, aliziacha zote mezani, akavuka barabara, akakizamisha kioo ziwani taratibu. Kisha akabaki amesimama, viatu vikilowa, kama mtu aliyemsindikiza mgeni na bado anangoja apotee machoni.